Albamu Aliyoipa Moja

Nereida alipoisoma ile kadi mara ya kwanza alidhani macho yamemchoka. Akaisogeza dirishani, kwenye mwanga hafifu wa Novemba, akaisoma tena. Ilikuwa moja. Si nne iliyokatika mguu, wala si saba iliyokosa kofia. Moja tupu, imesimama wima kama mlinzi wa mlango, na mkono ulioiandika aliujua vizuri kuliko wake mwenyewe. Ulikuwa mkono wa Wilfredo Arce, mwanamume ambaye Jumapili hiyo, saa tisa alasiri, alikuwa aje nyumbani kwao Bronx kumposa mbele ya baba yake.

"Soma basi, dada! Mbona umeganda?" Cleavon alipaza sauti kutoka kiti cha mbele. Alikuwa dijei wa Harlem, pande la mtu, mwenye kicheko cha kutikisa vioo.

"Nasoma," Nereida akasema. "Moja."

Ukumbi ukalipuka.

Chama chao cha madijei kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vifungo, Manhattan. Kila Jumanne alasiri madijei wa mji mzima walipanda ngazi zile, macho mekundu kwa usingizi wa mchana, kuja kuchukua santuri mpya zilizotolewa bure na kampuni za muziki. Bure, ila kwa sharti: kila dijei alirudisha kadi, akaandika wachezaji wake wameipokeaje, akaipa alama kuanzia moja hadi tano. Nereida ndiye aliyezikusanya kadi hizo, akazisoma kwa sauti bila kutaja majina, kisha akazipiga taipu. Na kila Novemba ilikuja siku ya wazee. Albamu iliyotimiza miaka miwili ilirudishwa kikaoni kuhukumiwa upya. Iliyoshinda ilipandishwa kwenye rafu ya juu kabisa, na ikishapanda haishuki tena.

Mwaka huo wa 1978 ilikuwa zamu ya *Jasho la Lulu*, ya Odessa Pettway.

"Moja?" Cleavon alisimama. "Nani amempa Odessa moja? Mke wangu aliposhikwa na uchungu, mimi nilikuwa nampangusa jasho huku naimba wimbo wa kwanza wa albamu ile. Daktari akaitikia! Leo mtu anakuja hapa na moja?"

"Tulia, wewe Cleavon, mtoto wako hakuzaliwa na santuri," alisema Gus, mzee wa chama, mwenye miwani iliyofungwa kwa utepe. "Mimi nimeipa tatu, na tatu yenyewe nimeitoa kwa huruma. Fidla nyingi mno. Ni keki iliyopakwa sukari mpaka mkate hauonekani."

"Wewe ungependa ngoma peke yake, du, du, du, kama mtu anayedai kodi mlangoni."

Watu wakacheka. Delphine, dijei mwanamke pekee wa chama, akazungusha bangili zake. "Mimi nimeipa nne. Upande wa kwanza ni moto, hata viwete watasimama. Lakini upande wa pili, ule wimbo wa tatu, ule wa polepole wenye gitaa? Unaua ukumbi. Nimeupiga mara moja tu, watu wote wakakumbuka kwenda msalani."

"Huo haupigwi na mtu yeyote," Gus alikubali. "Huo ni wa kusikiliza umelala chali, na mtu amekuacha."

"Sasa huyu wa moja ni nani?" Cleavon hakutaka kuondolewa njiani. "Ajitokeze!"

Nereida aliinamisha uso, akajifanya anapanga kadi. Akaomba kimoyomoyo Wilfredo anyamaze.

"Ni mimi," Wilfredo akasema.

Alikuwa ameegemea maboksi karibu na mlango, mrefu, mwembamba, mikono mifukoni. Masikio yale! Mji mzima ulijua masikio ya Wilfredo. Aliweza kusikia wimbo kupitia ukuta wa jirani akakwambia gramafoni ile sindano yake imechoka. Na mtu mwenye masikio hayo ndiye aliyetoa moja.

"Fredo?" Cleavon alishusha sauti kama aliyeambiwa msiba. "Ndugu yangu, wewe?"

"Moja," Wilfredo akarudia. "Na ingekuwapo sifuri, ningeandika sifuri."

"Haya. Sheria ni sheria. Mwenye kutoa moja anarudisha nakala zake, wapewe wanaozitaka. Mimi za kwangu zimekwisha kukwaruzika. Lete Jumamosi."

Kila dijei alipewa nakala mbili mbili, ili aunganishe wimbo kutoka gramafoni moja hadi nyingine, wachezaji wasipate nafasi ya kuketi. Kuzirudisha lilikuwa jambo la kawaida, kama kurudisha sahani ya jirani. Lakini Wilfredo alitazama sakafu, akasema polepole:

"Sirudishi."

Kicheko kikakatika. Gus akavua miwani. Delphine akainama hadi sikioni kwa Nereida, na marashi yake yakaja kabla ya maneno.

"Shoga, sikiliza nikwambie jambo. Mwanamume anayeitukana sauti ya mwanamke namna hiyo, halafu hataki kuiachia, huyo aliwahi kuisikia sauti hiyo bila mikrofoni. Umenielewa?"

Nereida alielewa.

*

Alimkuta kwenye ngazi, ghorofa ya pili, anavaa koti.

"Kwa nini umetoa moja?"

"Ni maoni yangu, Nere."

"Kadi haiulizi maoni yako. Kadi inauliza wachezaji walifanya nini. Miaka mitatu unazijaza, leo umesahau?"

"Wachezaji wangu hawakufanya lolote. Sijawahi kuwapigia albamu ile."

"Miaka miwili hujaipiga?"

"Hata siku moja."

"Basi irudishe! Kitu hukipigi, unakitukana mbele za watu, halafu unakikumbatia usiku?"

Wilfredo alifumba macho. Nereida aliupenda uso ule hata ukiwa umefungwa. Aliyapenda makovu mawili madogo ya tetekuwanga chini ya jicho, na namna alivyokaza taya anapotafuta neno. Leo taya ilikazwa, na neno halikuja.

"Mpenzi," akasema hatimaye, "hili niachie."

"Ulikuwa naye?"

"Na nani?"

"Usiniulize na nani, Wilfredo Arce. Ulikuwa na Odessa Pettway?"

Alicheka. Na hapo ndipo alipoharibu. Lau angekasirika, Nereida angemwamini. Lau angeapa kwa jina la mama yake, angemwamini. Lakini alicheka, kicheko kifupi, kikavu, kisichofika machoni, na wivu ukaingia palepale ukavuta kiti.

"Jumamosi nitaifuata mwenyewe nyumbani kwenu," Nereida akasema. "Ni kazi yangu kukusanya. Nisipopewa santuri zile, na sababu yake, Jumapili usije kwa baba yangu."

"Nere..."

"Usije!"

Alipanda ngazi bila kugeuka. Juu, ukutani, kando ya mashine ya taipu, ilitundikwa picha aliyokuwa ameipita mara elfu. Odessa Pettway alipokitembelea chama, miaka miwili nyuma. Gauni la rangi ya fedha, meno kama punje za mahindi machanga, madijei ishirini wamemzunguka wanaitazama kamera. Ishirini, kasoro mmoja. Wilfredo alikuwa pembeni kabisa, amemwinamia Odessa sikioni, midomo imefunguka, na uso wake, Mungu wangu, uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba.

Nereida aliitundua picha ile, akaitia kwenye droo, akaifungia kwa ufunguo. Kisha akafungua, akaitazama tena.

*

Siku nne hazijawahi kuwa ndefu namna ile. Alhamisi asubuhi baba yake, don Eladio, kama mtaa ulivyomwita kwa heshima, aliyekuwa kinyozi, alikuwa anaunoa wembe wake na kupiga mluzi.

"Mwanangu, nimekuwa nikiwaza," alisema. "Kwetu mwanamume haji kuposa peke yake kama mtu aliyekuja kununua kiatu. Baba yake humtangulia kwa maneno. Sasa huyu kijana wako baba alishafariki. Basi nimeamua, nitamketisha upande wangu wa kulia, nimsaidie kusema. Yatima hapigwi na baridi mlangoni kwangu."

"Ahsante, Papi," Nereida akasema, na kahawa ikawa chungu mdomoni kama dawa ya minyoo. Baba yake alikuwa anamtengea mtu kiti, naye hajui kama mtu huyo atakuja.

Usiku huo aliiweka *Jasho la Lulu* kwenye gramafoni ya dada yake, akaisikiliza kwa masikio mapya. Zamani alikuwa anaipenda. Sasa kila Odessa alipovuta pumzi kabla ya kiitikio, Nereida aliiona pumzi ile ikigusa shingo ya Wilfredo. Hakufika upande wa pili. Aliinua sindano kwa hasira, ikapiga kelele kama paka aliyekanyagwa.

*

Jumamosi saa tano asubuhi alivuka daraja kwenda Brooklyn, upande wa kusini wa Williamsburg, walikokaa Wilfredo na mama yake. Safari hiyo ilimtia hofu mara mbili. Doña Providencia alikuwa mlokole wa kanisa la ghorofani, mwanamke wa sketi ndefu na nywele zisizokatwa, na tangu mwanzo hakuficha kwamba hampendi mchumba wa mwanawe. Alimwita "yule msichana wa santuri", kama mtu anayesema "yule msichana wa baa".

Mlango ulifunguliwa. Doña Provi alikuwa na aproni, mikono imejaa uji wa ndizi mbichi.

"Wilfredo hayupo. Amepeleka spika kutengenezwa."

"Shikamoo, doña Provi. Sikuja kwake. Nimekuja kuchukua santuri mbili za chama."

"Za shetani au za chama?"

"Za chama, mama. Zina mhuri."

Mama mtu akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Ingia. Usisimame mlangoni unatoa joto nje. Na kama umeingia nawa mikono, ndizi hizi hazijikuni zenyewe."

Nereida alinawa, akavaa aproni aliyorushiwa. Wakakuna ndizi kwa makuno ya bati, bega kwa bega, jikoni kunanukia achiote, zile mbegu nyekundu za kutia chakula rangi, na majani ya mgomba yaliyobabuliwa juu ya moto. Wali wa mbaazi ulikuwa unatokota taratibu. Ilikuwa ni maandalizi ya Jumapili, Nereida alitambua, na moyo ukamchoma. Doña Provi alikuwa anapika chakula cha posa ambayo huenda isiwepo.

"Unakuna vizuri," doña Provi alisema, kama anayelalamika. "Nilidhani vidole vyako vinajua mashine tu."

"Mama yangu alinifundisha kabla hajafariki."

Doña Provi akamsogezea kitambaa afute mikono. "Santuri ziko chumbani kwake, rafu ya chini. Nenda."

Chumba kilikuwa safi, kitanda kimetandikwa. Nereida alipiga magoti. Nakala zote mbili zilikuwa pale, kwenye majalada meupe yasiyo na picha wala majina, kama zilivyotolewa kwa madijei. Akaitoa ya kwanza. Nyeusi, inang'aa, haijaguswa. Kumbe kweli hakuipiga! Akaitoa ya pili, akaielekeza dirishani na kuiinamisha kidogo, kama alivyozoea kazini. Santuri haiwezi kusema uwongo. Mahali sindano inapopita mara nyingi, mifuo yake hupauka, ikawa kijivu kama kisigino kisichopakwa mafuta. Upande wa kwanza ulikuwa mweusi. Akageuza. Wimbo wa kwanza, mweusi. Wa pili, mweusi.

Wa tatu ulikuwa umepauka mpaka umekuwa mweupe.

Nereida aliketi sakafuni. Wimbo usiopigwa popote. Wimbo wa kusikiliza umelala chali, na mtu amekuacha. Mtu alikuwa ameusikiliza humu ndani mara mia, mara mia mbili, peke yake. Basi ni kweli. Wilfredo alisema uongo ngazini, akamwangalia machoni, kisha akarudi hapa kulala na sauti ya mwanamke mwingine.

Alirudi jikoni, santuri mkononi, machozi yanamtiririka bila kificho.

"Doña Provi, naomba umwambie mwanao kesho asije."

Makuno yalisimama. "Nini?"

"Ulikuwa hunitaki, basi umeshinda. Siwezi kuolewa na mwanamume anayenioa mchana na kumsikiliza mwingine usiku. Tazama! Tazama hapa! Wimbo huu umekwisha kuliwa na sindano. Anampenda. Bado anampenda yule Odessa, na mimi amenichukua nimzibie pengo."

Doña Provi alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Akaichukua santuri. Hakuitazama. Aliupitisha ukucha juu ya ule mkanda mweupe taratibu, kama anayempapasa mtoto mwenye homa.

"Si yeye," akasema.

"Usimfichie, mama."

"Simfichii. Ni mimi."

Wali ulilia kwenye sufuria.

"Wewe? Disko?"

"Usinikemee nyumbani kwangu." Lakini sauti ilikuwa imepoteza ukali. "Wilfredo alipoileta, aliiweka sebuleni kuisikiliza. Mimi nilikuwa hapa naosha vyombo, nakemea mapepo ya ngoma ile kama kawaida. Ukafika huu wimbo wa tatu. Kabla hajaimba yule mwanamke, gitaa linaanza peke yake. Umewahi kulisikiliza?"

"Watu husema linaua ukumbi."

"Limewahi kuniua mimi, mwanangu. Mpigaji anachelewa. Ana namna ya kuchelewa, kidogo tu, kabla ya kugusa uzi wa chini, kama mtu anayejiuliza abishe hodi au arudi. Sahani ilinitoka mkononi. Nilikwenda sebuleni nikamkuta Wilfredo amesimama katikati ya chumba, mweupe kama karatasi. Wote wawili tulimtambua mpigaji. Yule ni Santiago. Ni baba yake."

"Lakini Wilfredo aliniambia baba yake alifariki Ponce, kule kwao kisiwani!"

"Amemzika mtu aliye hai, na mimi nikamwachia koleo. Ni rahisi kuwa mjane kuliko kuwa aliyeachwa. Santiago alitoka nyumba hii miaka kumi na moja iliyopita, gitaa begani, akasema anakwenda kupiga sherehe moja New Jersey. Sherehe hiyo haijaisha."

Nereida alivuta kiti, akamketisha mwanamke yule, naye akaketi.

"Alikuwa na mwanamke?"

"Watu wote waliniuliza hivyo. Ningeshukuru angekuwa na mwanamke! Mwanamke ningemfuata, ningemng'oa nywele, tungemalizana. Wenzangu waliwaonea wivu wanawake. Mimi niliuonea wivu mti wenye nyuzi sita. Gitaa alikuwa analifuta kwa kitambaa cha hariri. Mimi alinifuta machozi kwa kiganja, basi." Akacheka kidogo, akajipangusa jicho kwa mkono wa juu, usiokuwa na ndizi. "Wilfredo akishatoka, mimi najifungia. Naweka wimbo ule. Namsikia anavyochelewa. Namtukana. Nauweka tena. Halafu napiga magoti namwomba Mungu msamaha. Wilfredo anajua, na hajawahi kunikataza. Kwa hiyo usije ukaniambia mimi habari za wivu, binti. Mimi ndiye niliyeitoboa santuri hii."

Nereida alimshika mkono. Ulikuwa unanata. Yote aliyoyajua juu ya Jumanne yaligeuka kichwani mwake na kuanguka upande mwingine: ile moja, kicheko kikavu, na "sirudishi". Kumbe Wilfredo hakutaka kumpokonya mama yake kitu pekee kilichobaki, hata kama kitu chenyewe yeye hawezi kukisikia.

"Nisikilizishe," akasema.

"Na hizi ndizi?"

"Ndizi zitangoja."

*

Wilfredo alipofungua mlango, spika begani, aliukuta wimbo katikati. Mama yake na mchumba wake walikuwa wameketi kwenye kochi moja, aproni mbili. Aliitua spika polepole. Uso wake ulipita rangi tatu.

"Zimeni."

"Hatuzimi," doña Provi akasema.

"Mami, nilisema sitaki kusikia..."

"Wewe uliniambia amekufa," Nereida akasema. Hakupaza sauti. "Baba yangu amekutengea kiti, Wilfredo. Upande wake wa kulia. Amekiandaa kwa ajili ya yatima. Kesho ungekikalia?"

Wilfredo alivua koti, akalitundika.

"Ningesema nini?" akajibu. "Kwamba baba yangu yuko hai, anapiga gitaa, ila hakuona sababu ya kurudi? Baba yako angeniuliza, kijana, damu yako ni ya watu wanaoondoka, nitakupaje binti? Na wewe, Nere. Kila nikichelewa kurudi kutoka kazini ungejiuliza kama ndiyo nimekwenda New Jersey."

"Kwa hiyo ukaniacha nijiulize kama umelala na Odessa Pettway. Siku nne!"

"Sikujua unaumia kiasi hicho."

"Hukujua! Masikio yote hayo, yanasikia sindano iliyochoka kupitia ukuta, hayakunisikia mimi ngazini?"

Hilo lilimpata. Alikuja akachuchumaa mbele yake, magoti yake marefu yakagusa aproni. Kwenye gramafoni gitaa lilikuwa limerudi peke yake, mwishoni mwa wimbo, linachelewa, linachelewa.

"Samahani," akasema. "Nilikuwa naogopa. Sijui kusema vizuri zaidi ya hapo."

"Na ile picha?"

"Picha gani?"

"Ya kule chamani. Umemwinamia sikioni kama unamwomba busu."

Wilfredo alimtazama, kisha akainama, mabega yakaanza kutikisika, na safari hii kicheko kilifika machoni pamoja na machozi. "Nilikuwa namwomba anwani! Nilimwuliza, mama, yule mpiga gitaa wa wimbo wa tatu anakaa wapi? Akaniandikia kwenye kipande cha karatasi. Kiko ndani ya pochi yangu tangu siku ile. Sijakwenda. Sijui kama nitakwenda."

Doña Provi aligeuza uso dirishani. Hakuuliza karatasi ile inasema nini.

Nereida aliuvuta mkoba wake. Ndani mlikuwa na kadi tupu ya chama, aliyoibeba ili aandike risiti ya santuri. Akaiweka kwenye goti la Wilfredo, akampa kalamu.

"Kadi yako ya Jumanne haikubaliki. Uliandika moyo wako. Kadi inauliza wachezaji walifanya nini."

"Nilikwambia sina wachezaji. Sijawahi kuwapigia."

"Simama."

"Nere..."

"Simama, Wilfredo. Mama, naomba urudishe sindano mwanzo wa wimbo."

"Mimi ni mtu wa kanisa," doña Provi akasema, huku tayari ameinuka, na mkono wake ukaishusha sindano mahali penyewe pasipo kutafuta, kama mtu anayepapasa swichi ya taa ya chumbani mwake.

Gitaa likaanza. Wilfredo alisimama kama mti. Nereida aliiweka mikono yake, yenye harufu ya ndizi na achiote, juu ya mabega yale. Alisubiri. Gitaa likachelewa, na wote watatu wakalingoja, na lilipoanguka kwenye uzi wa chini, Wilfredo alivuta pumzi moja ndefu, akausogeza mguu. Walizunguka polepole kati ya kochi na spika iliyokwisha kutengenezwa. Odessa alipoanza kuimba, Nereida aligundua kwamba sauti ile haimchomi tena. Ilikuwa sauti tu. Nzuri, lakini sauti.

Pale mlangoni pa jikoni, akidhani hatazamwi, mwanamke mwenye sketi ndefu alikuwa amefumba macho, anayumba kidogo, kulia, kushoto.

Wimbo ulipokwisha Wilfredo aliketi, akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kwa kadi ndogo namna ile. Nereida aliisoma akiwa amesimama.

*Jasho la Lulu, upande wa pili, wimbo wa tatu. Wachezaji: wawili, na mama mmoja. Hakuna aliyekwenda msalani. Alama: sijui bado, naomba muda. Nakala moja narudisha. Nyingine ni ya mama.*

"Kadi isiyo na alama haisomwi," Nereida akasema, lakini aliikunja akaitia kifuani, si mkobani.

"Na kesho?" Wilfredo akauliza. Taya ilikuwa imekazwa tena.

Nereida alivaa koti, akachukua ile santuri nyeusi isiyoguswa, akamgeukia mwanamke wa jikoni.

"Doña Provi, baba yangu anasema mwanamume hutanguliwa na mzazi kwa maneno. Yeye hakusema lazima awe baba. Saa tisa. Kile kiti cha kulia, kaa wewe, umweleze yote, na New Jersey ndani yake."

Doña Provi alichukua makuno, akakuna ndizi nusu nzima kabla hajajibu.

"Mwambie baba yako anifungulie mapema. Ndizi zangu zikipoa hazifai." Kisha, bila kuinua macho: "Na wewe, mwanangu, umesahau aproni yangu mwilini. Usiivue. Utakuja nayo kesho."